Kibanda cha Kahawa Kituoni

Rågsved, Stockholm

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na joto, maana huku kila kitu kingine ni baridi. Goti linasemaje? Na ile dawa ya kuchua, unaipaka au umeificha kabatini? Sisi tu wazima. Mjukuu wako Neema amerefuka, sketi zote zimemkataa, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi bila aibu.

Mama, nimekosea, na sioni pa kurekebishia. Nimekipoteza kibanda.

Acha nikueleze kwa barua, kwa sababu kwenye simu ningelia tu. Kituo cha treni ninapouzia kahawa kinakarabatiwa. Ni cha zamani sana. Mteja wangu wa kila asubuhi, Mzee Lennart, alikuwa kijana kati ya waliotandika reli zake, na anasema hapa palikuwa shamba la viazi na matope. Kabla hata jukwaa halijajengwa, mama mmoja alikuwa akiwachemshia wajenzi kahawa kwenye banda la mbao. Kituo kilipofunguliwa, wakamwingiza ndani na masufuria yake. Kibanda kikapita mkono hadi mkono mpaka kikanifikia mimi, Mtaita wa watu. Mzee hunitania, "Wewe ni mkubwa kuliko treni."

Basi ofisi inayokodisha vibanda ikaniletea barua: anayetaka kurudi baada ya ukarabati ajibu kwa maandishi kabla mwezi haujaisha. Nilielewa, usidhani sikuelewa. Neema alinisomea mara mbili. Lakini nikajiuliza, meneja mwenyewe yuko vituo vitatu tu kutoka hapa, nimwandikie barua kama niliyegombana naye? Si wewe uliyetufundisha kwamba jambo zito hupelekwa kwa miguu? Nikakaanga mandazi ya iliki, nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda. Meneja akala matatu. Nikamweleza haja yangu, akawa anaitikia kwa kichwa, kisha akanipa mkono. Mtu amekula chako, amekusikiliza, amekupa mkono. Kwetu hapo si mambo yameisha? Nikarudi nyumbani naimba.

Wiki hiyohiyo akaja binti mmoja na kamera. Wanatengeneza bango la historia ya kituo, lenye picha za shamba, za wajenzi na za treni ya kwanza. Akanipiga picha nimeshika birika. Nikasema moyoni, kumbe na mimi nimekuwa mtu wa hapa!

Jumatatu ikaja barua ya pili. Hawakupokea jibu langu, na mahali pangu patawekwa mashine ya kahawa. Nilikimbia ofisini hata aproni sijavua. Meneja alinikumbuka, akayasifu mandazi, na alisikitika kweli, Mama, uso ulimbadilika. Akasema, "Ungeandika mstari mmoja tu." Mstari mmoja, jamani! Mzee Lennart amewaandikia. Mimi nimewaandikia kurasa mbili nzima. Jibu ni lilelile, muda umepita. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimebaki kuyatazama. Hasira ninazo, lakini nimkasirikie nani? Hakuna aliyenidanganya.

Nisalimie mjomba Mwakio, fundi wetu wa cherehani, na shangazi Mghoi, mwambie sauti yake ya kwaya naisikia mpaka huku. Dada yangu mdogo mwambie sijamsahau, ila kwa sasa asinitegemee.

Bango lenyewe lilibandikwa jana, nami nilikuwa hapohapo nafunga vikombe kwenye maboksi. Nimo, Mama, picha kubwa, nacheka meno yote nje. Chini yake wameandika kwamba kahawa imeuzwa hapa tangu mwanzo. Mwanamke mmoja alisoma mpaka mwisho, akageuka, akanitambua, akafurahi kweli. Akaniomba kikombe kimoja. Nikamwambia asubiri, mashine inakuja.

Mwanao asiyejua ashike wapi,
Wakesho