Jani Lenye Nywele

Mjukuu wangu mjuaji,

Barua yako imenifikia, nikanuna siku nzima. Eti jani ninalochemsha kwa ajili ya kifua umelitazama kwa hadubini, ukakuta nywele upande wa chini, na lile la dawa halina nywele. Nikamwuliza mama yako, "Hilo ni jani au kidevu cha babu yake?" Tukacheka mpaka nikakohoa, naye akaiona damu niliyokuwa nikiificha kwenye leso.

Akaniburuta hospitali. Daktari anasema ugonjwa unatibika, mradi nisiruke vidonge. Siruki.

Nakutumia pia majani ninayompa shangazi yako kwa ajili ya tumbo. Yakate, uyatazame vizuri. Kama nayo siyo, sema wazi, usinionee haya.

Bibi yako, bado mkali.