Gari Linainama Upande wa Bibi

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada, na nakuomba pia usinicheke, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Nimemaliza shule juzijuzi na niko nyumbani na mama na kaka yangu. Bibi, mama yake mama, aliishi nasi mpaka alipofariki mwaka huu, na alikuwa na mwili mkubwa, tukimpeleka hospitali alikaa nyuma kushoto na gari lililalia upande wake, naye anacheka, "Limenisalimia hilo." Tangu tumzike, gari bado linalala. Tukishaingia sisi watatu na kufunga milango linatulia kidogo, kisha kona ya nyuma kushoto inashuka taratibu, kama mtu aliyechelewa ndiyo kwanza anakaa, na tukirudi nyumbani tukishuka, nikiwa naelekea mlangoni nasikia springi zinalia nyuma yangu na kona inapanda. Kaka anasema springi zimechoka. Mama hasemi kitu.

Sasa kaka amepata kisingizio, anataka gari lishushwe liwe chini kama ya rafiki zake, tukaenda wote kwa fundi. Fundi akazitoa springi za nyuma akazisimamisha mezani, zote mbili sawa, hakuna iliyovunjika wala kulegea, akazirudisha, akatuambia kila mtu akae anapokaa siku zote ili apime kwa futi gari limeinuka kiasi gani kutoka chini. Mama na kaka wakakaa mbele, mimi nikakaa nyuma kulia. Akapima, akarudia, akainama dirishani.

"Mko wangapi humu?"

"Watatu, fundi," kaka akasema. "Huyu mdogo wangu ni mkimya, lakini naye umhesabu."

Fundi hakucheka. "Huku kushoto pamebeba mtu," akasema, akatazama kiti kile, akajifuta mikono muda mrefu.

Ametuonyesha aina mbili za springi fupi tuchague. Zile laini mama anazitaka kwa sababu ya mgongo wake, lakini fundi anasema gari likishakuwa chini, kona ile ikizama tairi litasuguana na madigadi na linaweza kupasuka tukiwa barabarani. Zile ngumu hazizami, na kaka ndizo anazozitaka. Wakabishana mpaka mama akasema, "Mtoto ataamua, yeye hana upande." Mshauri, mimi nina upande. Tukifunga zile ngumu gari halitainama tena, nami sitajua kama bibi amepanda au tumemwacha. Kesho kutwa tunarudi kwa fundi. Nifanye nini?

Mkimya wa Kiti cha Nyuma

Binti yangu, sikucheki, na pole sana kwa msiba. Ila nitakugombeza, maana umelificha kama barua ya mapenzi jambo linaloweza kupasua tairi. Mama yako yumo ndani ya gari hilo. Aibu yako haitalizuia tairi lisipasuke.

Nimemuuliza fundi ninayemwamini. Anasema springi ndizo zinazobeba uzito. Kazi ya shokapu ni kulituliza gari lisirukeruke. Kwa hiyo msifunge springi fupi na shokapu ndefu za zamani, nunueni zinazolingana, na shokapu nzuri zitaustahi mgongo wa mama kuliko springi laini. Kaka yako asithubutu kukata springi za zamani kwa msumeno. Na asilishushe sana: anapakia mama yake, hapeleki gari kwenye maonyesho. Nilipomweleza kwamba kona inashuka milango ikishafungwa, fundi wangu aliniuliza nani hukaa pale.

Leo hii, usingoje kesho, mwambie mama kila kitu. Anayenyamaza gari likiinama huenda anangoja mwenzake aanze. Halafu nendeni kwa fundi, na ukiulizwa, useme kwa sauti: zile ngumu. Najua unatamani kuiona kona ile ikishuka, moyo utulie. Lakini huko ni kutafuta ushahidi, na ushahidi wenyewe unaweza kuwatupa mtaroni nyote. Kama si bibi, hujapoteza kitu. Na kama ni yeye, bibi wa watu amekuwa akipanda gari linaloelemewa naye. Mchagulie springi za kumbeba.