Mgrivea wa Kitovu Changu

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: sikohoi, sina homa, na ninakula. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya masika hapo Malindi yetu ya milimani? Kwa kuwa ndege haziruki na posta haipokei barua za nje, hii nitaipiga picha nimtumie kaka Danieli akusomee. Danieli, soma polepole, na usiruke maneno.

Huku India ni wiki ya sita tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona. Wenzangu wa bwenini waliwahi kuondoka. Mimi nilibaki kumalizia mtihani mmoja wa uuguzi, na kesho yake viwanja vya ndege vikafungwa. Tupo wawili tu, mimi na mlinzi wa getini, na hatuna lugha moja. Asubuhi nafungua dirisha natoa kwa sauti salamu ya kilugha chetu, "Onga makeo," kisha naiitikia mwenyewe, "Wedi." Usinicheke, Mama. Upweke unauma. Kabla ya haya sikuwahi kumaliza siku nzima bila mtu kuniita jina.

Juma lililopita nilipanda juu ya paa kuanika nguo, nikaona milima. Miaka miwili nimekaa hapa nikijua ni tambarare tupu! Kumbe ilikuwepo siku zote, moshi wa viwanda na magari ulikuwa umeificha. Ilikuwa ya bluu, kama ya kwetu mtu akiitazama kutoka Mombo. Nililia na nguo mbichi mikononi.

Mwalimu wetu, anayetufundisha kwa simu, akatuambia tusifurahi sana. Moshi huondoka upesi, alisema, lakini hewa ya ukaa inayoipasha dunia joto hukaa angani miaka na miaka. Miezi hii dunia imefunga bomba kidogo tu, na pipa bado linajaa.

Ndiyo maana nilikasirika uliponiuliza kwa simu kuhusu mgrivea wangu, ule ambao marehemu baba aliupanda pale bibi alipozika kitovu changu. Ulisema watalii hawaji tena Irente, Danieli hana wa kumtembeza, kabichi zinaoza shambani, na mnunuzi wa mbao amekuja kuuangalia mara mbili. Ukasema mti ni wangu, bila neno langu hakuna atakayeugusa. Nikaandika jibu refu la kukataa, kwamba miti ndiyo huinyonya hewa ya ukaa, limejaa maneno ya mwalimu. Niliandika nikiwa nimeshiba.

Kabla sijalituma nikachungulia dirishani. Vibarua wa kiwanda cha jirani walikuwa wamekaa barabarani mmoja mmoja, wameachiana nafasi, wakisubiri chakula cha msaada. Wengine walikuja na watoto. Kiwanda chao hakitoi moshi tena, na wao hawana kazi. Milima niliyoililia imeonekana kwa sababu hao wana njaa. Jibu lile nikalichana, Mama. Niliona aibu.

Kateni. Danieli apande miche mingine, aimwagilie mwenyewe, asimtupie mke wake kazi hiyo.

Nisalimie shangazi, mwambie sweta lake ndilo ninalolala nalo. Msalimie mama mchungaji na akina mama wote wa kwaya, na wifi yangu mvumilivu.

Ila siku ya kuuangusha msinipigie simu. Huku sina wa kulia naye.

Binti yako akuombeaye,
Upendo