Shikamoo Iliyogeuzwa Sare

Jumapili, Maisaka. Mvua imekatika mchana, matope yako mpaka mlangoni, na nina hasira hata chai haishuki.

Leo ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya chesi. Mshindi anakwenda Arusha kuuwakilisha mji wetu. Nilicheza na Baba Ester, mwenye duka la mabati kule Nangara. Alikuwa mbele yangu kwa nusu pointi, kwa hiyo sare ilimtosha. Mimi nilihitaji kushinda.

Alichelewa. Akaja anahema, akakaa bila salamu, saa yake ya mchezo imeshaanza kuhesabu.

Nilianza kwa askari wa pembeni, nikamfungulia askofu njia ya kuukata ubao kona kwa kona. Baba Ester akacheka, akauliza kama mabinti wa siku hizi wanaogopa katikati. Akajaza askari wake hapo katikati, nami nikawachokonoa kutoka ubavuni mpaka wakaisha. Malkia wake akaenda. Mfalme akabaki hana pa kujificha, zimebaki hatua chache tu nimfunge.

Nilikuwa nimeshinda. Naandika tena: nilikuwa nimeshinda.

Ndipo akainuka kidogo, akaninyooshea mkono huku akinong'ona kitu ambacho sikukisikia. Nikajua amekumbuka kwamba hatukusalimiana. Mzee amekunyooshea mkono, utauacha hewani? Nikasimama, nikaupokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba Ester."

"Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akamgeukia mwamuzi. "Sare. Amekubali."

Nilidhani anatania. Mwamuzi akaandika sare. Nilipolalamika akaniambia kwamba kwenye chesi mkono ni makubaliano, na yeye ameona kwa macho yake tumeshikana. Nikamwambia nilikuwa namwamkia mzee. Ukumbi mzima ukacheka, na Baba Ester akacheka nao.

Kinachoniuma si Arusha peke yake. Angenifunga pale ubaoni ningempongeza, tena kwa moyo mweupe. Lakini amechukua adabu niliyofundishwa na mama yangu akaifanya mtego, halafu akaniita mwanangu.

Mwanangu!

Kesho asubuhi nakwenda kazini, na njia yangu inapita mbele ya duka lake. Atakuwa amekaa kibarazani kama kawaida. Nitamwamkia, maana nimelelewa.

Ila mikono yangu yote miwili itabaki mfukoni.