Brashi Uliyompa Otilia

Mjomba,

Shikamoo. Nimezoea kukusikia ukiitika "marahaba, baba" bila kuinua macho kwenye chuma, kwa hiyo nimeandika salamu nikatega sikio, kama vile nitakusikia.

Jana asubuhi nilifika Michenga kukupalilia. Jembe nililichukua kwa mkeo, hapa Lipangalala, Ifakara, nikalibeba begani njia nzima kwenye tope, nikiwaza nitakavyong'oa majani ya masika huku nikikusimulia habari. Nikakuta umeshapaliliwa. Udongo umesawazishwa, na jina lako kwenye msalaba limepakwa rangi upya, nyeupe, haikutoka nje ya mchongo hata kidogo. Sikuhitaji kuuliza. Mkono ule naujua. Nilikaa chini na jembe langu nikalia, na Mungu anisamehe, sikukulilia wewe. Nililia kwa wivu.

Hata kaburi, Mjomba. Hata kaburini Otilia kanitangulia.

Ngoja nikueleze yaliyotokea, maana umetuacha na hukuona. Siku ya kuanua matanga mkeo Mama Beatus alitoa vitu vyako mbele ya ukoo. Beatus alipata baiskeli, na koti likaenda kwa mdogo wako. Mimi nilikaa nimetulia kama mtu anayesubiri komunyo. Miaka kumi na moja nimekaa kando yako kwenye kile kibanda nyuma ya klabu ya wakubwa wa shamba la miwa. Kila masika, kiwanja kikijaa maji na mchezo ukisimama, walituletea fimbo zao za gofu, nasi tukazitoa rangi kuukuu kwenye namba kwa thina na kutia mpya. Mimi ni mtoto wa dada yako. Brashi ile nilikuona ukiitengeneza kwa manyoya ya mkia wa kindi aliyenaswa kwenye miwa, ukaifunga kwa uzi wa nailoni kwenye kijiti cha tete. Mimi ndiye niliyekushikia uzi! Ingekwenda kwa nani mwingine?

Mama Beatus akasema, "Brashi ni ya Otilia. Marehemu aliagiza mwenyewe, hospitalini." Kisha akanigeukia. "Gaudensi, wewe kitambaa."

Kitambaa, Mjomba. Kile kipande cha shuka kilichozungushwa kwenye kibao, cha kufutia rangi iliyozidi. Kuna mtu alicheka nyuma yangu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na moyoni nikakulaumu kwa maneno ambayo nimeshayaungama, sitayaandika tena.

Otilia alikuwa mfua taulo za klabu. Miaka miwili tu umemweka kwenye kigoda. Nakumbuka ulivyokuwa ukimwambia, "Rangi haina haraka, mwenye haraka ni wewe," na mimi nikasikia uchungu, kwa sababu maneno hayo ulikuwa ukiniambia mimi. Nilidhani ni yangu.

Basi baada ya matanga nikawa simwongeleshi. Nilimjibu kwa "mm" na "sijui". Yeye alijaribu. "Kaka Gaudensi, leo umenuna mpaka thina inaogopa kukauka." Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Nilimwangalia tu akichovya brashi yako, akitia rangi kwenye saba, kwenye tisa, halafu ananisogezea nifute. Mimi nafuta. Mara moja, upande mmoja, kama ulivyofundisha. Nikimaliza nasimika fimbo kwenye debe la pumba za mpunga, vichwa juu, visigusane, rangi ikauke. Siku nzima hatujasemezana.

Mwezi Mei, Mjomba, ndipo nilipofanya hili ninaloogopa kulisema.

Ilikuwa jioni, tunafunga. Otilia alikuwa ameweka fimbo za chuma kwenye kopo la thina zilale humo, rangi ya zamani ilainike. Nikaona katikati ya zile za chuma kichwa cha mbao. Kimoja. Kile cha meneja, cha zamani, alichoachiwa na baba yake, ambacho wewe ulikuwa hukigusi mpaka unawe mikono. "Cha mbao hakilazwi kwenye thina," ulinifundisha mwaka wangu wa kwanza. "Kinapanguswa." Otilia hukumfundisha, kwa sababu misimu yake yote miwili cha meneja ulikifanya mwenyewe.

Nilikiona. Nilisimama pale mlangoni na rozari mkononi, maana jumuiya ilikuwa inanisubiri, mwezi wa Mama Maria. Otilia alikuwa nje ananawa mikono. Ilikuwa ni neno moja tu: "Kitoe." Nikamwambia, "Kesho," nikaenda.

Salamu Maria hamsini, Mjomba. Na katika kila moja kile kichwa kilikuwa kinaloa. Walioniona walisema Gaudensi leo amesali kwa uchungu sana.

Asubuhi vanishi ilikuwa imeyeyuka ikawa kama uji. Ule uzi mweusi unaofunga shingo ya fimbo umefumuka, mbao imefubaa, ina mabaka kama ugonjwa wa ngozi. Meneja alikuja mwenyewe. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikishika kile kichwa kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa, akauliza, "Fundi hapa ni nani?"

Otilia alikuwa na brashi mkononi. Akasema, "Ni mimi, bwana. Nimekosa. Sikuuliza."

Sikuuliza! Alikuwa anaweza kusema, "Kaka Gaudensi ndiye mkubwa hapa, naye hakuniambia." Hakusema. Akaambiwa akae nyumbani wiki mbili, meneja afikirie kama arudi kwenye taulo au aondoke kabisa. Wakati anafunga vitu vyake nilimwuliza, kwa sauti ya mtu mwema, kwa nini hakuniuliza. Akasema, "Nilikuogopa, kaka. Tangu matanga uso wako umefungwa." Halafu akaniwekea brashi kiganjani. "Shika. Ni ya mjomba wako. Mimi nilikuwa naitunza tu."

Nilichokitamani nikakipata, tena bure kabisa.

Siku ile ile niliketi kwenye kigoda chako. Nikachagua fimbo ya chuma, namba sita, nikachovya brashi, nikainama. Mjomba, sikuuona mchongo. Niliuona kama ukungu juu ya mto asubuhi. Nikaisogeza mbali, nikaona namba, lakini mkono haukufika. Nikaileta karibu, namba ikapotea. Nikatia rangi kwa kubahatisha. Ilimwagika mpaka kwenye alama ya kiwanda, na sita ikawa ni nane. Nikaitoa kwa thina, nikarudia. Nane. Mara ya tatu nikaacha, nikakaa nimeishika brashi yako, na chumba kizima kinanuka kosa langu.

Ndiyo maana nilikuja Ifakara. Nilisema naja kukupalilia. Kwa kweli nilikuja kukuuliza. Nilipotoka kaburini nikamwuliza mkeo: kwa nini Otilia? Akaniambia uliyoyasema kitandani. Kwamba tangu misimu mitatu iliyopita namba zangu zilikuwa zinatoka nje. Kwamba ulikuwa ukisubiri niende zangu, unazivua rangi, unazipaka upya. Kwamba hukutaka niambiwe, nisije nikavunjika moyo. "Gaudensi macho yanamkimbia," ulisema, "lakini kufuta si kazi ya macho, ni ya vidole. Hapo hana mwenzake. Wawe wawili, kazi nayo isimkimbie."

Ulijua. Na Otilia alijua, maana ulimwambia, ndiyo sababu alikuwa akinisogezea fimbo taratibu vile, ikiwa imegeuzwa upande ambao mkono wangu unaupenda. Mimi nikidhani ananitawala.

Nisikudanganye, umeshafika mahali ambapo uongo hauendi: hilo nalo limenipa wivu. Mlikuwa na siri ninyi wawili, na siri yenyewe ni macho yangu. Ungeniambia, Mjomba. Ningenuna wiki moja, ungenitania, yangekwisha. Sasa nimenuna mpaka nimemponza mtu aliyenifichia aibu.

Padre nilimweleza kabla sijasafiri. Alinisikiliza, akasema dhambi nimesamehewa, lakini kile kichwa cha mbao hakijasamehewa mpaka nikiseme kwa aliyepata hasara na kwa aliyebeba lawama. Nilitoka nikiwa nimemkasirikia kidogo. Nilitaka anipe sala, nyingi iwezekanavyo. Sala naziweza.

Basi nakuaga. Otilia yuko nyumba ya nne kutoka hapa, namsikia akitwanga. Nikifunga barua hii nakwenda kwake. Nitamwambia, "Kile cha mbao nilikiona," kabla hajanikaribisha kiti, maana nikishakaa nitaanza kuzunguka. Nitamrudishia brashi. Kesho narudi shambani, na kabla sijafungua kibanda nitapita kwa meneja niseme maneno hayo hayo, na kama kuna wa kwenda kufua taulo, nitazifua mimi. Akirudi kazini, nitamfundisha ya vichwa vya mbao yote, hata yale uliyoniambia nisimwambie mtu.

Siwezi kukuahidi kwamba moyo hautauma nikimwona ameishika. Utauma. Nakuahidi tu kwamba mdomo hautanyamaza tena.

Lala, Mjomba. Bwana akuwekee mwanga karibu, si kama ule wa kibandani. Mwombe anitunzie vidole.

Barua hii nimeiandika kwa herufi kubwa hivi, usidhani ni kwa ajili yako. Ni ili nami nizione.

Mpwa wako,
Gaudensi