Kikombe cha Maji ya Korongoni

Jumanne, kijijini Zuzu

Kinyaa bado hakijanitoka. Asubuhi, mimi mwonja divai wa kiwanda, nilikuwa nawaonyesha wageni bango letu jipya, "Divai Inayotunza Mazingira", najisifu mpaka koo linakauka. Akaingia Mama Nyemo, jirani yetu anayechota maji kwenye visima vya mchangani kule korongoni. Kikombe mkononi. Maji mekundu, yananuka makapi ya zabibu yaliyochacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Onja, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Msimamizi wa kiwanda akaninong'oneza: shimo letu la majitaka lilijaa, vibarua wakayafungulia korongoni. Wiki nzima! Na harufu niliisikia mimi mwenyewe, nikafunga dirisha.

Kikombe nilikipokea. Mdomo ukakataa kufunguka.

"Maji haya," akasema Mama Nyemo, "wajukuu zangu wameyanywa."