Kodi Ile Haikuwa ya Nyumba

Richfield, Minnesota
11 Februari 2018

Mpendwa Mjomba Wanjohi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, pamoja na Anti Peris na Ian. Je, mgongo wako umepoa? Na huko Mississippi, bado mnavaa mashati mepesi na kutuonea huruma? Sisi hatujambo. Theluji imefunika gari la Mama mpaka vioo, na kila asubuhi mimi ndiye ninayelifukua kabla hajaenda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Nimejiunga na kwaya ya vijana kanisani. Naimba sauti ya pili, ingawa mwalimu anasema bado naikimbilia ya kwanza.

Mjomba, nakuandikia kwa sababu ya ile simu ya Krismasi. Tangu siku ile hatujasikia kicheko chako nyumbani, na nadhani sasa najua kilichotokea.

Ulimwambia Mama kwa ule mzaha wako, "Dada, sherehe imekwisha! Nafuu yenu ya kodi imewekewa mpaka. Sasa mtalipa kama watu wengine." Mama akajibu, "Kumbe unafurahia? Basi furahi peke yako," akakata simu. Huenda ulidhani amekasirishwa na siasa. Sivyo. Juma lile mwenye nyumba alikuwa ametuarifu kwamba kodi inapanda. Mama alidhani mimi ndiye niliyekupasha habari, nawe ukamcheka. Nilikana, hakuniamini.

Mwezi huu mwalimu wetu wa uraia ametupa mada ya mdahalo: je, ni haki serikali kuu impunguzie mtu kodi kwa sababu amekwisha kulipa kodi nyingine kwa jimbo na mji wake? Ndiyo nafuu uliyoisema, ile iliyowekewa kikomo na sheria mpya. Nimepangiwa upande wa kuitetea. Nitasema kwamba jimbo letu hutoza kodi kubwa, lakini ndiyo inayolipia shule na mabasi, na si vizuri mtu atozwe tena juu ya pesa zilizokwisha kwenda kwenye kodi.

Lakini nikiandaa hoja zangu, nakumbuka shule unayofundisha, watoto wakigombea kitabu kimoja. Mahali penye matajiri wengi hutoza kodi nyingi, na serikali kuu huwapunguzia uchungu. Mahali pa maskini hapana hata cha kupunguziwa. Ulikuwa na hoja, Mjomba, ingawa si ya upande wangu.

Jumanne nilikuwa nikifanya mazoezi jikoni, kwa Kiswahili, ili Mama anisikilize. Alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Kodi gani hiyo unayoihubiri?"

"Ya serikali, Mama."

"Si ya nyumba?"

"Ya serikali. Ndiyo Mjomba aliyokuwa akiisema."

Ugali ukaanza kushika chini. Kisha akasema, "Nami nikakuita mdaku bure, Keziah." Akanikatia kipande kikubwa kuliko chake.

Nilimuuliza mwalimu ni nani hasa wanaoipata nafuu hiyo. Alisema wengi wao ni wenye nyumba zao na mishahara minono. Wapangaji kama Mama, na kama wewe na Anti, kwa kawaida huchukua lile punguzo la jumla lisilojali mtu anaishi jimbo gani. Mjomba, mmenuniana kwa ajili ya nafuu ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuipata! Nilipomwambia Mama hivyo, alicheka mpaka akafuta machozi.

Hata hivyo anaona haya kukupigia. Anasema wewe ni mdogo wake, utangulie. Najua nawe utasema yeye ndiye aliyekata. Mdahalo ni Ijumaa, na natamani sana kushinda. Lakini Jumamosi Mama hana zamu, na simu yako siku hiyo naitamani zaidi.

Msalimie Anti Peris, na umwambie Ian kwamba bado ninamtunzia viatu vya kuteleza kwenye barafu. Mungu awalinde huko kwenye joto, na sisi atuyeyushie theluji.

Mpwa wako akupendaye na kukungoja,
Keziah

Nimesahau: Mama akipokea, anza na salamu. Usitaje kodi. Yoyote ile.